Mlima wa Rangi Jangwani na Kipimo cha Pili



Mada niliyopewa ni ziara ya mahali pa ibada ambapo hapakujengwa kwa amri ya askofu, wala kwa mchoro wa mhandisi, wala kwa fedha za wafadhili. Mahali hapo huitwa Salvation Mountain, yaani Mlima wa Wokovu, nao uko karibu na mji mdogo wa Niland, katika Wilaya ya Imperial, kusini mwa jimbo la California, Marekani. Mtu mmoja aliujenga kwa mikono yake kwa muda wa miaka ipatayo 27. Huenda mtu akauliza: kilima cha udongo kilichopakwa rangi kinaihusu nini Tume ya Haki na Amani? Jibu langu limo katika mambo yaliyotukia mwaka 1994, nami nitayafikia. Lakini kwanza twende mahali penyewe.

Nchi ile ni jangwa lililo chini ya usawa wa bahari. Wakati wa kiangazi joto hupita nyuzi 45, na mwenye busara hasafiri huko ila kati ya Novemba na Machi. Ukitoka upande wa kusini utapita kwanza katika mashamba ya mboga ya kijani kibichi, yanayonyweshwa kwa mifereji itokayo mto Colorado, na ambayo kwa sehemu kubwa huvunwa kwa jasho la wafanyakazi wenye asili ya Meksiko. Mbele kidogo mashamba hukoma ghafula, kana kwamba yamekatwa kwa kisu, na mchanga huanza. Mvua haina kazi huko. Penye mfereji pana uhai, na pasipo mfereji ni vumbi tupu.

Kilomita chache mashariki ya Niland palikuwa na kambi ya askari wa majini wa Marekani wakati wa Vita Kuu ya Pili. Vita vilipokwisha majengo yaliondolewa, sakafu za zege zikabaki. Watu wasio na makao, pamoja na wengine waliopenda kuishi bila kulipa kodi ya nyumba, walikuja na magari yao ya kuishi wakayaegesha juu ya sakafu zile. Ndivyo kilivyozaliwa kijiji kiitwacho Slab City, kijiji kisicho na bomba la maji wala umeme wa serikali. Mashariki yake kuna eneo kubwa ambamo jeshi hufanya mazoezi ya kudondosha mabomu. Naomba mlikumbuke hilo: mlima wenye maneno ya upendo umesimama jirani na uwanja wa mabomu. Aliyeujenga hakuchagua mahali pale kwa ajili ya mfano huo. Mfano ulijitokeza wenyewe.

Kwenye mlango wa kijiji hicho ndipo mlima unapoonekana. Kwa urefu wa kwenda juu ni kama mita 15, na kwa upana wapata mita 45. Kileleni pana msalaba mweupe. Chini ya msalaba yameandikwa kwa herufi kubwa nyekundu na za waridi maneno matatu ya Kiingereza yenye maana ya kwamba Mungu ni upendo. Chini yake tena pana moyo mwekundu, na ndani yake sala fupi ya mwenye dhambi anayemwomba Yesu aingie moyoni mwake. Milia ya buluu na nyeupe huteremka kama maporomoko ya maji mpaka chini, ambako ardhi yenyewe imepakwa buluu ili iwe bahari. Njia ya manjano hupanda pembeni mpaka msalabani. Kuna maua mamia kwa mamia, nayo hayakuchorwa kwa brashi: mjenzi alipiga ngumi katika udongo mbichi, akaliacha shimo likauke, kisha akalipaka rangi. Ukiweka mkono wako katika ua mojawapo, unauweka palipokuwa ngumi ya mtu.

Nilipofika ilikuwa Januari, asubuhi yenye baridi kali ya jangwani. Kilichonigusa zaidi ya rangi ni sauti, au tuseme kukosekana kwa sauti. Watu walishuka katika magari yao wakicheka, wakanyamaza walipofika njia ya manjano. Hakuna aliyewaamuru. Wengine hawakuonekana kuwa watu wa dini hata kidogo.

Mjenzi aliitwa Leonard Knight. Alizaliwa mwaka 1931 katika jimbo la Vermont, kaskazini-mashariki mwa Marekani. Hakuwa na elimu kubwa. Alifanya kazi za mikono za kila namna. Mwaka 1967, akiwa amemtembelea dada yake kusini mwa California, aliisali ile sala ambayo baadaye aliiandika ndani ya moyo mwekundu, na tangu siku hiyo akawa mtu wa jambo moja. Aliwaona wachungaji wakibishana juu ya mafundisho, naye akakata shauri kwamba yeye atalishika neno moja tu, lile la upendo, asiliongezee kitu. Katika miaka ya 1970 alianza kushona puto kubwa la hewa ya moto ili alirushe angani likiwa na neno hilo. Alilishona kwa miaka mingi. Puto halikupaa, kitambaa kilioza. Mwaka 1984 akaja Slab City akikusudia kukaa juma moja, aache alama ndogo ya saruji, kisha aende zake. Hakuondoka.

Mlima wa kwanza aliujenga kwa saruji chache na mchanga mwingi, kwa kuwa saruji hununuliwa na mchanga ni wa bure. Ninyi mnaojua ujenzi mmekwisha kubashiri mwisho wake. Mwaka 1989, baada ya kazi ya miaka kama minne, ulianguka wote. Wenzake walidhani atakata tamaa. Yeye alimshukuru Mungu kwa kumwonyesha kwamba mlima haukuwa salama kabla haujamwangukia mtu, akaanza upya. Safari hii alitumia udongo wa mfinyanzi wa palepale uliochanganywa na majani makavu, na juu yake tabaka baada ya tabaka za rangi. Rangi haikuwa pambo tu. Ndiyo ngozi iliyouzuia udongo usimomonyoke. Ni ujenzi ambao bibi zetu wangeuelewa bila kufafanuliwa, isipokuwa hiyo ngozi ya rangi. Pembeni alijenga vyumba vyenye nguzo za matairi ya magari na matawi makavu, robota za nyasi na vioo vya magari, vyote kutoka katika vitu vilivyotupwa. Yeye mwenyewe alilala katika gari lake bovu, bila umeme, bila bomba.

Hapa najua wengine wenu mna swali, nalo ni la zamani kama Injili yenyewe: rangi hiyo yote isingeuzwa, maskini wakapewa? Tusilipuuze swali hilo kwa sababu tu tunamjua yule aliyeliuliza Bethania. Majibu yangu ni mawili. Kwanza, sehemu kubwa ya rangi ile ilitolewa bure na wageni, na mara nyingi yalikuwa makopo yaliyobaki baada ya watu kumaliza kupaka nyumba zao. Ingekuwa vigumu kupata mnunuzi. Pili, nalo ndilo jibu zito, aliyekuwa akiitumia alikuwa maskini mwenyewe. Mara nyingi sisi tulioshiba ndio tunaoamua kwamba maskini anahitaji unga peke yake, na kwamba uzuri ni anasa isiyomfaa. Leonard hakuanzisha mradi wowote wa maendeleo, wala hakuwahi kujisifu kwamba ameuanzisha. Aliwatembeza wageni siku nzima, akawagawia kadi za picha bila malipo, na kuwaomba wapokee neno lake moja. Nawaambia wazi kwamba kwangu mimi hilo lina upungufu. Kijiji kisicho na maji kinahitaji pia mtu wa kudai maji. Lakini hatuwezi kumdai mtu mmoja vipaji vyote.

Sasa nafika mwaka 1994.

Kwa habari zilizoandikwa na marafiki zake, uongozi wa wilaya ulikuwa umeanza kufikiria kutoza ada watu waishio Slab City. Mlima wenye maneno ya dini, uliosimama katika ardhi ya umma bila kibali, ulionekana kuwa kikwazo. Haukutolewa mara moja amri ya kuubomoa. Aliletwa mtaalamu wa taka za sumu achimbe na kupima udongo. Marafiki hao wanasema kwamba hata kabla majibu hayajatoka, mlima ulikuwa umekwisha kupewa jina baya la jaa la sumu. Majibu yalipotoka yakasema kuna madini ya risasi kwa kiasi kikubwa cha hatari. Wilaya ikaomba fedha za jimbo ili mlima ubomolewe na kifusi chake kikazikwe mahali pa taka za sumu katika jimbo jirani la Nevada.

Tuitazame njia iliyotumika, maana kazi yetu katika Tume ni kuzitambua njia. Mnyonge haambiwi, “Hatukutaki hapa.” Huambiwa, “Mahali pako si salama. Tunakuondoa kwa faida yako.” Na kauli hiyo huja na karatasi yenye tarakimu ambazo yeye hana uwezo wa kuzisoma, sembuse kuzibishia. Sisemi kwamba mtaalamu yule alidanganya; sina ushahidi wa jambo hilo. Nasema kwamba neno lake lilikuwa limeachwa liwe neno pekee.

Yalifanyika mambo mawili. La kwanza, marafiki wa Leonard na wageni walioupenda mlima walizunguka na karatasi za maombi, wakakusanya sahihi za mamia ya watu. La pili lilikuwa dogo zaidi kwa macho, lakini kwa maoni yangu ndilo lililokata shauri. Leonard alichukua udongo kutoka katika mashimo yaleyale aliyochimba mtaalamu wa wilaya, akaupeleka kwa maabara isiyofungamana na upande wowote katika jiji la San Diego. Majibu yakarudi: hapakuwa na kiwango cha madini ya risasi kilichopita kiasi. Mpango wa kubomoa ukafa.

Mara nyingi katika vikundi vyetu tunakimbilia sahihi na maandamano, na kipimo tunawaachia wakubwa. Sahihi huonyesha kwamba watu wanajali, lakini hazina uwezo wa kusema udongo una nini. Mzee asiye na elimu kubwa alilielewa hilo. Hakusema, “Mungu anajua mlima wangu ni safi,” ingawa aliamini hivyo kuliko mtu yeyote. Alichukua koleo.

Heshima zilikuja baadaye, kama ilivyo desturi yake. Mwaka 2000 chama cha Marekani kinachoshughulikia sanaa za jadi za watu wa kawaida, Folk Art Society of America, kiliutangaza mlima kuwa mahali panapostahili kuhifadhiwa na kulindwa. Mwaka 2002 Seneta Barbara Boxer wa California aliuingiza katika kumbukumbu rasmi za Bunge la nchi yao na kuuita hazina ya taifa. Mwaka 2007 ulionekana katika filamu ya Into the Wild, na Leonard mwenyewe alitokea humo, akasema maneno yake yaleyale. Miaka minane tu ilitenganisha taka za sumu na hazina ya taifa, na udongo ulikuwa uleule. Hata hivyo sifa hizo hazikumpa Leonard hati ya ardhi. Alibaki mkaaji wa hiari ya wenye mamlaka.

Kuna jambo moja zaidi ambalo mgeni hulivuta puani kabla ya kuambiwa. Karibu na Niland kuna ziwa kubwa la chumvi liitwalo Salton Sea. Lilitokea kati ya mwaka 1905 na 1907, pale mto Colorado ulipovunja kingo za mfereji wa umwagiliaji na kumwagika bondeni. Tangu hapo limelishwa hasa na maji yatokayo mashambani pamoja na mbolea na dawa zake. Kwa mapatano ya mwaka 2003 maji mengi ya bonde hilo yalianza kuelekezwa mijini, ziwa likapungua, na tope lililokuwa chini ya maji limekuwa vumbi linalopeperushwa na upepo. Watoto wa wilaya ile wanasumbuliwa na pumu kuliko watoto wa sehemu nyingi za California. Mwenye kutafuta sumu katika bonde lile hana haja ya kuanzia kwenye kilima cha mzee mmoja.

Leonard alishikwa na maradhi ya usahaulifu ya uzeeni, na mwishoni mwa mwaka 2011 akapelekwa katika nyumba ya kutunzia wazee karibu na San Diego. Alifariki tarehe 10 Februari 2014, akiwa na umri wa miaka 82. Mlima sasa hutunzwa na wanaojitolea, chini ya chama kidogo kilichoundwa kwa ajili hiyo. Kazi yao haina mwisho: jua hupasua rangi, mvua chache za jangwani huingia katika nyufa, udongo hulegea. Hapo huchanganywa udongo mpya na majani makavu, nyufa huzibwa, na rangi hupakwa juu yake.

Mtu akijaliwa kufika, achukue maji ya kunywa ya kutosha, maana hakuna ya kununua pale. Apande kwa njia ya manjano tu, kwa sababu nyayo zikiacha njia hubomoa. Kuingia ni bure. Na akipenda kupeleka zawadi, apeleke kopo la rangi ya kuchanganya na maji. Nyeupe, nyekundu na buluu ndizo zinazokwisha upesi.