Koili Paki au Distributa: Mfumo wa Cheche kwa Magari ya Turbo ya Mbio za Dragi



Nimeombwa kuwasilisha mada kuhusu uteuzi kati ya koili paki na distributa kwa magari ya turbo yanayoshindana robo maili, yaani mita 402. Nazungumza kama mkufunzi wa umeme wa magari. Taasisi yangu haijatoa msimamo wowote kuhusu mbio, na yote nitakayosema yanahusu mashindano yenye idhini ya Kenya Motor Sports Federation. Barabara Kuu ya Thika si kiwanja cha mashindano, hata saa tisa usiku.

Maana za msingi

Mnazijua, kwa hiyo nitazipitia haraka. Katika mfumo wa distributa, koili moja huhudumia silinda zote na rota huzunguka ikigawa umeme kupitia kepu na nyaya za plagi. Koili paki ina koili kadhaa, na kompyuta ya injini ndiyo huamua ipi iwashe na lini. Kuna mpangilio wa koili moja kwa silinda mbili, kama Mitsubishi 4G63 ya Evolution, na wa koili moja juu ya kila plagi, kama Nissan SR20DET. Starlet GT na Glanza V, zenye injini ya 4E-FTE ya cc 1,331, zilitoka kiwandani na distributa, na ndizo zinazoleta ubishi mkubwa katika karakana zetu.

Hesabu ya muda

Injini ya silinda nne ikizunguka mara 8,000 kwa dakika huhitaji cheche 267 kila sekunde. Kwa distributa, koili ile moja ina milisekunde 3.75 tu kati ya cheche na cheche. Koili ya kawaida huchukua karibu milisekunde 3 kujaa, na cheche huwaka milisekunde 1 au zaidi. Muda hautoshi. Koili ikihudumia silinda mbili hupata milisekunde 7.5, na ikiwa ni koili moja kwa kila silinda hupata 15.

Kisha kuna busti. Hewa inavyozidi kubanwa, ndivyo volti nyingi zaidi zinavyohitajika kuruka mwanya wa plagi. Kwa distributa, umeme huo mkubwa hutafuta njia rahisi: hupasua kepu, huacha mstari wa kaboni, huwasha silinda isiyo zamu yake. Hapa Thika tuko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ina kama asilimia 84 ya mgandamizo wa Mombasa. Gari lenye busti ya bar 1 kwenye geji lina takriban bar 1.85 halisi hapa, lakini pwani lina bar 2. Likipona kumisi hapa, msiape kwamba litapona kule.

Kwa hiyo jibu la swali nililopewa ni koili paki. Distributa inaweza kubaki kwa busti ya wastani, ikisaidiwa na boksi la CDI, ambalo hujaa haraka kuliko koili ya kawaida. Jibu hilo ni fupi, na lingetosha kama magari yaliyobadilishwa yangeacha kumisi. Hayaachi.

Tatizo lenyewe

Mwenye gari ananunua koili nne na kuzifunga. Gari linavuta vizuri hadi gia ya tatu, kisha linaanza kukohoa kwenye busti kamili. Anaambiwa koili ni feki. Ananunua nyingine. Koili feki zipo, sikatai, na Mamlaka ya Kupambana na Bidhaa Ghushi ina kazi kubwa. Lakini magari mengi niliyoyapima yalikuwa na koili nzima zilizonyimwa umeme.

Tutazame ndani ya koili. Mkondo hupanda kulingana na volti inayoifikia, na nguvu inayohifadhiwa hufuata mraba wa mkondo huo. Volti ikishuka kutoka 14 hadi 11, muda wa kujaza ukiwa uleule, mkondo hupungua kwa karibu asilimia 21, na nguvu ya cheche kwa karibu asilimia 38. Zaidi ya theluthi imepotea kabla plagi haijaguswa.

Inapoteaje? Mkanda wa alternata umetolewa ili gari liwe jepesi. Betri ni ndogo na imehamishiwa buti kwa waya mwembamba. Pampu ya mafuta, feni na koili vimechota umeme kwenye fyuzi moja. Waya wa hasi umefungwa kwenye bodi iliyopakwa rangi, bolti juu ya rangi! Nimeona hasi ya koili nne ikipita kwenye waya uliotolewa kwenye redio.

Kinachoniuma zaidi ni utambuzi. Cheche ikizimika, mchanganyiko hutoka haujaungua, na oksijeni yake hutoka nao. Sensa ya oksijeni huipima oksijeni hiyo na kuripoti kwamba petroli ni kidogo. Fundi anaongeza petroli. Plagi zinalowa, gari linamisi zaidi, sensa inasema petroli bado kidogo, naye anaongeza tena. Tumeeleza hili darasani kila muhula, na bado magari yanaletwa yakitoa moshi mweusi huku mwenyewe akiwa na karatasi inayoonyesha petroli haitoshi.

Kipimo ni cha multimita ya kawaida. Injini ikinguruma, pampu na feni vikiwa vimewashwa, weka ncha moja kwenye hasi ya koili na nyingine kwenye hasi ya betri. Ikizidi volti 0.2, waya ndio mgonjwa. Rudia upande wa chanya.

Mapendekezo

Gari la turbo la dragi litumie koili moja kwa kila silinda, na koili zipate waya wao wa chanya kupitia rilei, na wa hasi uliofungwa kwenye kichwa cha injini na kurudi hadi betri. Alternata ibaki. Narudia, alternata ibaki. Kilo chache zilizookolewa hazilipi cheche iliyopotea.

Anayehamisha 4E-FTE kwenye koili paki asiridhike kuacha mwili wa distributa kama sensa, kwa sababu mkanda wa taiming unaoiendesha hutikisika na taiming hutikisika nao. Afunge gurudumu la meno 36 lenye pengo la jino moja kwenye krankshafti.

Jedwali la muda wa kujaza lipangwe kwa volti halisi na kwa vipimo vya koili husika, maana kuzidisha muda huziunguza. Mwanya wa plagi upunguzwe hadi milimita 0.6 au 0.7. Koili isibadilishwe kabla ya kupima volti. Petroli isiongezwe kwa sababu ya kumisi kabla ya kupima volti. Wakaguzi wa mashindano waangalie nyaya za betri iliyohamishwa, maana waya ule mwembamba pia huwaka moto.

Kwa vyuo, ikiwemo taasisi yangu, naomba kwa heshima kwamba upimaji wa upotevu wa volti injini ikifanya kazi uingizwe kwenye mtihani wa vitendo. Ombi hilo nimelipeleka kwa maandishi, na bado nasubiri jibu.