Uchaguzi wa Marekani wa 1946 na Sisi Watu wa Vyama

(Maneno yaliyosemwa na mwanachama mmoja wa Reli katika mkutano wa tawi)



Juma lililopita, saa ya chai, kijana mmoja wa karakana aliniuliza hivi: "Ndugu, kule Marekani Rais akiwa bado yuko kitini, chama chake hushindwaje katika uchaguzi?" Sikuwahi kumjibu vizuri, maana king'ora cha kazi kililia. Katibu alikuwa karibu akasikia, ndiyo sababu nimesimamishwa hapa leo. Mimi si msomi, shule yangu ni ya msingi tu, ya misheni, lakini habari hii niliisoma kwa makini kwa kuwa inahusu wafanyakazi, na hasa watu wa reli.

Kule Rais huchaguliwa kila miaka 4. Bunge lao lina mabaraza mawili. Baraza la Wawakilishi, viti 435, huchaguliwa lote kila miaka 2, na Seneti huchaguliwa theluthi kwa theluthi. Kwa hiyo katikati ya muda wa Rais kuna uchaguzi ambao jina lake halimo katika karatasi ya kura. Watu huuona ni uchaguzi mdogo, wengi hawaendi, na mara nyingi chama cha Rais hupoteza viti. Mimi nitasimulia mmoja tu, wa tarehe 5 Novemba 1946.

Vita vilikuwa vimekwisha mwaka 1945. Ovataimu ikakatwa, mshahara wa juma ukapungua, na bei za vitu zikapanda. Mgomo ukafuata mgomo. Watu wa General Motors walikaa nje siku 113. Wakagoma watu wa chuma, wakagoma wachimba makaa ya mawe, na tarehe 23 Mei 1946 ikafika zamu ya reli. Vyama viwili, cha madereva wa injini na cha watu wa breki na wenzao wa treni, vikasimamisha kazi nchi nzima.

Hapa naomba mnisikilize. Rais Truman alikuwa Mdemokrati, na hicho ndicho chama ambacho wafanyakazi wengi walikipigia kura tangu siku za Roosevelt. Huyo huyo alikwenda mbele ya Bunge tarehe 25 Mei akaomba sheria ya kuwaandika wagomaji jeshini. Maana yake, wewe gadi ukigoma leo, kesho unavalishwa kaki na kurudishwa kazini kwa amri ya jeshi! Alipokuwa bado anasema akaletewa kikaratasi kwamba mgomo umekwisha. Hata hivyo Wawakilishi walipitisha jambo lile kwa kura 306 kwa 13. Seneti ndiyo iliyolizuia. Bwana A. F. Whitney, mkuu wa chama cha watu wa treni, alikasirika akaapa kwamba atatumia hazina ya chama kumwangusha Truman.

Basi Novemba ilipofika mioyo ilikuwa michungu. Nyama nayo ilikuwa imeadimika madukani kwa ugomvi wa bei zilizowekwa na serikali. Katika watu wazima 10 hawakufika 4 waliopiga kura. Simlaumu mtu wa reli aliyekaa nyumbani siku ile. Mimi mwenyewe ningeona uzito kumsaidia mtu aliyetaka kunipeleka jeshini. Lakini viti havikungoja hasira zake zipoe. Warepublikani walipata viti 246 katika Wawakilishi, Wademokrati 188. Katika Seneti 51 kwa 45.

Kabla mwaka haujageuka sawasawa, Seneta Taft wa Ohio na Bwana Hartley wa New Jersey walikuwa na sheria yao. Iliharamisha mapatano ya tajiri na chama kwamba asiandikwe kazi mtu asiye mwanachama. Iliharamisha kuwagomea matajiri wengine kwa ajili ya kuwasaidia wenzenu. Ilimpa Rais njia ya kwenda mahakamani kusimamisha mgomo mkubwa kwa siku 80. Tena iliruhusu kila jimbo kukataza mapatano ya kumtaka mfanyakazi ajiunge na chama hata baada ya kuandikwa.

Truman alikataa kutia sahihi tarehe 20 Juni 1947. Siku ile ile Wawakilishi wakampita kwa kura 331 kwa 83, na siku tatu baadaye Seneti kwa 68 kwa 25. Sasa, ndugu zangu, tufanye hesabu. Kumpita Rais kunahitaji theluthi mbili, na Warepublikani peke yao hawakuwa nazo. Walipewa na Wademokrati! Wawakilishi 106 wa chama cha Rais walipiga kura dhidi yake, na 71 tu walisimama naye. Wengi wa hao 106 walitoka Kusini, ambako watu weusi walizuiwa kupiga kura kwa hila nyingi. Katika majimbo 7 ya Kusini kulikuwa bado na kodi ya kichwa. Babu zetu hapa walitozwa kodi ya jina hilo wakakamatwa wasipolipa; kule asiyelipa alinyimwa kura. Mbunge aliyechaguliwa hivyo atamwogopa mfanyakazi wa nini?

Mwaka 1948 wafanyakazi waliamka. Whitney mwenyewe alirudi upande wa Truman, Truman akashinda, na Wademokrati wakapata viti 263 na Seneti 54. Watu wakashangilia. Mwaka 1949 wakajaribu kuifuta sheria ile, wakashindwa. Imerekebishwa hapa na pale, lakini ipo mpaka leo. Watu wa reli wana sheria yao ya mwaka 1926, basi haikuwapiga wao moja kwa moja. Iliwapiga wenzao wa viwandani.

Katika uchaguzi mwingine wa katikati, wa mwaka 1958, majimbo 6 yaliwauliza wapiga kura kama wanataka kukataza mapatano yale ya uanachama. Kansas ilikubali. Matano yalikataa, na moja lao ni Ohio, kwao Taft, ambako vyama vilifanya kazi kubwa ya kuandikisha wapiga kura.

Kijana aliyeniuliza simwoni hapa, nadhani yuko zamu ya usiku. Atakayemkuta kesho amwambie jibu lake ni hili, na pia kwamba tawi linachagua mweka hazina Jumamosi, saa nane. Mara ya mwisho tulikuwa wachache hata mabenchi ya nyuma hayakukaliwa.