Sauti za Askari: Michael Herr, kutoka Vietnam hadi Kwenye Filamu



Michael Herr alifika Vietnam mwishoni mwa mwaka 1967, mwandishi kijana wa miaka 27 aliyetumwa na jarida la Esquire kuandika juu ya vita. Jarida la kila mwezi halikumbana kama magazeti yalivyowabana wenzake, ambao kila jioni mjini Saigon walipewa na maofisa wa jeshi hesabu ya maadui waliouawa. Yeye alidandia helikopta akaenda kukaa na askari. Mapema 1968 alikuwa Hue, mji ukipiganiwa nyumba kwa nyumba, kisha Khe Sanh, kambi ya wanamaji wa Marekani iliyozingirwa kwa siku 77. Vijana ambao hata ndevu hazijawakolea walimsimulia mambo yao kwa matusi, utani na hofu, lugha ambayo hakuna ofisa angeiweka kwenye taarifa. Nashikilia kwamba uandishi wake wa filamu ulianzia pale, kabla hajaota kuandika filamu.

Aprili 1970, marafiki zake wapigapicha, Sean Flynn na Dana Stone, walipanda pikipiki zao huko Kambodia, wakakamatwa njiani, wasionekane tena. Herr alizama katika sonona na kalamu ikamgomea kwa miaka. Kitabu chake juu ya Vietnam, Dispatches, kilitoka 1977.

Wakati huo mwongozaji Francis Ford Coppola alikuwa amepiga picha za filamu ya Apocalypse Now huko Ufilipino, akiihamishia Vietnam riwaya ya Joseph Conrad ya safari ya Mto Kongo. Kapteni Willard anapanda mto kwenda kumwua Kanali Kurtz, na njia nzima karibu hasemi. Coppola akamwita Herr aandike masimulizi ya Willard. Kuziandikia picha zilizokwisha kupigwa ni kazi ngumu: maneno yakieleza kinachoonekana, yanaudhi. Tazameni Willard anavyosoma faili la Kurtz ndani ya boti. Machoni mwetu kuna karatasi na maji tu. Masikioni tunamsikia muuaji akianza kumstahi mtu anayekwenda kumwua. Filamu ilitoka 1979.

Mwaka 1987 ikafuata filamu ya Full Metal Jacket, aliyoiandika na mwongozaji wake, Stanley Kubrick, pamoja na Gustav Hasford, mwenye riwaya iliyokuwa chanzo chake. Mswada huo uliteuliwa kuwania Oscar. Mhusika wake Joker ni mwandishi wa habari wa jeshi, na katika chumba cha habari mhariri anamwagiza abadilishe maneno makali yawe laini, kisha aongeze adui aliyeuawa kwenye habari isiyo na maiti. Naiona hasira ya Herr pale.

Lakini Herr huyuhuyu alikuja kukiri kwamba baadhi ya wahusika na mazungumzo ya Dispatches aliyabuni. Siyaweki matendo hayo mawili katika mizani moja. Mhariri wa Joker anatunga ili Marekani ionekane inashinda vita. Herr alitunga ili tuwasikie waliokuwa wakifa. Hata hivyo, msomaji wa 1977 alikipokea kitabu kile kama taarifa ya shahidi, na alistahili kuambiwa ukweli huo kwenye ukurasa wa kwanza.