Binti Yako Anapochekwa Shuleni

Leo tunazungumza juu ya kejeli wanazopata wasichana wetu shuleni.

Hapa Kegonga na Kuria nzima, ukeketaji hufanywa sana likizo ya Desemba. Shule zikifunguliwa Januari, msichana ambaye hakukeketwa huenda akabaki peke yake. Wenzake humwita mtoto. Hawataki kuketi naye wala kwenda naye kuteka maji. Mama, huo si mchezo. Kijana anayebalehe huhitaji kukubaliwa na wenzake kama anavyohitaji chakula.

Utajuaje kwamba anateseka? Asubuhi ya shule analalamika tumbo, lakini Jumamosi ni mzima. Hali vizuri, halali vizuri. Alama zake zinashuka. Na ipo dalili kubwa kuliko zote: siku moja atakuambia, "Mama, hata mimi nipelekwe." Usidhani anapenda kisu. Amechoka kuchekwa.

Siku hiyo usimkaripie. Kaa naye jikoni, umwulize polepole: "Nani anakucheka? Wanasema nini?" Msikilize mpaka amalize. Kisha mweleze ukweli: ukeketaji huleta kutokwa na damu nyingi, maambukizi, na taabu wakati wa kujifungua. Hauongezi akili wala heshima.

Pili, mwone mwalimu wake. Mwombe azungumze na darasa lote bila kumtaja binti yako.

Tatu, tafuta mama mwingine ambaye binti yake hakukeketwa. Wasichana hao waende shule pamoja na kurudi pamoja. Mmoja ni rahisi kumcheka. Watatu si rahisi.

Nne, jua sheria. Sheria ya Kenya ya mwaka 2011 inakataza ukeketaji, na inakataza pia kumkejeli mwanamke kwa kuwa hakukeketwa. Adhabu ya kejeli hiyo ni kifungo kisichopungua miezi 6, au faini isiyopungua shilingi 50,000, au vyote viwili. Waambie jamaa na majirani wanaomcheka. Mtoto akiwa hatarini, piga simu 116 bila malipo.

Na wewe ambaye binti yako alikeketwa, usimlaumu, kwani naye aliumizwa. Mfundishe tu asimcheke mwenzake.

Jioni ya leo, mwulize binti yako: "Leo ulicheza na nani?" Kwaherini, tukutane kipindi kijacho.