Geti Lisubiri, Kamusi Kwanza

Hotuba ya Kamati ya Elimu kwenye mkutano mkuu wa mwaka, Dar es Salaam

Ndugu wana-Lushoto,

Mwaka huu tulipopanda nyumbani kukabidhi madawati, mwalimu wa darasa la nne alitufungulia madaftari ya imla ya Kiingereza. Mtoto ameandika "naif" kwa kisu, "nait" kwa usiku, "keik" kwa keki. Baadhi yetu tulicheka. Mwalimu hakucheka. Alituuliza: kwa Kiswahili, mtoto huyu kakosea wapi?

Hakukosea. Kiswahili tunakiandika tunavyokitamka. Mtoto amefundishwa kuliamini sikio lake, halafu linapofika somo la Kiingereza sikio hilohilo linamponza. Sisi wa rika letu tulifundishwa kwa fimbo: maneno ishirini ubaoni, kariri, kesho imla, kila kosa kiboko kimoja. Tulikariri kweli. Hatukuambiwa kwamba kuna kanuni.

Na zipo. E ya mwishoni isiyotamkwa hubadili sauti ya irabu iliyotangulia: "kit" ikawa "kite", "hop" ikawa "hope". Ndiyo maana "hopping" ina p mbili na "hoping" ina moja. C ikifuatwa na e, i au y, kwa kawaida husomeka kama s. Tulimwona mtoto akionyeshwa jozi tano za namna hiyo, ya sita akaiandika mwenyewe kabla ya kuambiwa.

Mengine, tukiri, ni ya kukariri tu. Sisi wahasibu tunaandika "receipt" na "debt" kila siku ya kazi, na hiyo p na hiyo b hakuna anayezitamka. Zilichomekwa na wasomi wa zamani huko Uingereza ili maneno hayo yafanane na ya Kilatini. Deni la watu wengine, wanalipa watoto wetu.

Linalotuuma ni kidato cha kwanza. Huko karibu masomo yote ni kwa Kiingereza, na mtihani haujibiwi kwa mdomo. Mtoto anaijua baiolojia, anakwama kwenye kuiandika, halafu tunamwita mzito.

Kuna waliopendekeza mwaka huu tujenge geti la shule. Geti ni zuri, na litaonekana kutoka barabarani. Kamati inaomba lisubiri. Tunaomba kamusi za wanafunzi, kadi za maneno, pamoja na nauli na chakula cha mchana kwa walimu wa darasa la tatu na la nne wanaotaka kukutana Jumamosi wafundishane kanuni hizi. Mwalimu yule kadi zake anazikata kwenye maboksi ya sabuni.

Mchanganuo uko ukurasa unaofuata, shilingi kwa shilingi. Bahasha ziko kwa mweka hazina. Ahadi pia zinapokelewa, ila ziandikwe, na kila mchango utakatiwa stakabadhi.