Mbao za Paa la Ghala: Kwa Nini Mbili kwa Sita

(Mazungumzo ya Kamati ya Ujenzi mbele ya wanachama. Tumeyaandika hapa ukutani kwa ajili ya wale waliokuwa shambani siku ile.)



Wengi mmetuuliza, na wengine mmeuliza kwa hasira, kwa nini kamati imekataa mbao za mbili kwa tatu zenye bei nafuu ikataka mbili kwa sita. Fedha ni yenu, imetoka kwenye alizeti yenu, kwa hiyo mna haki ya kujibiwa.

Swali zuri kuliko yote lilitoka kwa mzee wetu mmoja. Alisema: "Tembe za baba zetu zilibeba udongo, wala hazikuwa na mbao za dukani. Bati ni jepesi kama jani. Sasa mbao kubwa za nini?"

Mzee amesema kweli. Udongo wa kina cha sentimita 15 ukilowa mvua una karibu kilo 270 kwa kila mita moja ya mraba. Bati halifiki hata kilo 5. Lakini ingieni ndani ya tembe mtazame. Kila baada ya hatua chache kuna nguzo ya panda. Hakuna gogo linalovuka mbali bila kushikwa. Siri ya tembe haikuwa unene wa miti tu, ni ule ukaribu wa nguzo. Miaka ya 1970, wakati wa Operesheni Vijiji na baadaye, wengi tulipoacha udongo tukachukua bati, nguzo za katikati nazo tukaziacha.

Ubao unaovuka mita 6 haufanyi kazi maradufu ya ule unaovuka mita 3. Kwa mzigo ule ule kwa kila mita, nguvu ya kuuvunja ni mara 4, na kupinda kwake ni mara 16. Ndiyo sababu ghala letu la upana wa mita 6 litakuwa na mstari wa nguzo katikati, moja kila baada ya mita 2, na juu yake boriti ya mbao mbili za mbili kwa sita zilizopigiliwa pamoja. Tunajua wapanga magunia hawazipendi nguzo hizo. Watazizoea.

Sasa mbao zenyewe zitakazotoka ukuta hadi boriti. Chukueni rula ya mtoto wa shule. Ilazeni bapa kati ya mawe mawili mbonyeze kwa kidole: inapinda. Isimamisheni kwa ukingo wake mbonyeze tena. Kimo cha ubao ndicho kinachobeba. Mbili kwa nne iliyosimama ina nguvu mara 2 ya ile ile iliyolazwa, na ugumu wa kutopinda mara 4. Mbili kwa sita inazidi mbili kwa nne kwa nusu tu ya kuni, lakini nguvu yake ni mara 2 na robo, na ugumu wake zaidi ya mara 3. Tutaziweka kila mita moja, zimesimama, halafu papi juu yake.

Ghala dogo tulilijenga sisi wenyewe, na mbao tulizilaza bapa kwa sababu zilikuwa rahisi kupigilia. Zilipinda, na kwa kuwa paa lile halina mteremko wa maana, mvua za Januari zikatuama pale palipobonyea. Maji yakaingia kwenye misumari. Waliopoteza magunia wanajua, na kosa lilikuwa letu, si la mbao. Paa lenye mteremko mkali husamehe ubao uliopinda kidogo. Paa la chini halisamehi. Ghala hili litateremka mita moja katika upana wake wa mita 6, na bati lipandane na lenzake sentimita 20, si upana wa vidole vinne kama mafundi wengine wanavyopenda.

Lipo jambo la pili ambalo tembe haikulijua: upepo. Tembe haikuweza kupeperuka. Paa letu zima, mbao na bati, halitafika kilo 15 kwa mita ya mraba, na upepo wa kasi ya kilomita 90 kwa saa ukipita juu ya paa la chini unaweza kulivuta juu kwa zaidi ya kilo 30. Upepo wa Singida mnaufahamu. Watu wamepanga mpaka kuzalisha umeme kwa huo. Basi kila ubao utafungwa kwa waya mnene ulioshuka ndani ya ukuta kozi 5 za matofali, na kwenye boriti vilevile. Msumari peke yake hautoshi, maana unang'oka.

Mbao tutakazochukua ni za msindano zilizotiwa dawa, kwa ajili ya mchwa. Zitafika Jumamosi. Tunaomba wanachama wanne waje tukague pamoja kabla ya kulipa. Mbili kwa sita ya dukani mara nyingi haifiki inchi 6 kamili. Iliyopungua sana irudi. Yenye kifundo kikubwa ukingoni, katikati ya urefu wake, irudi pia, au ikatwe iwe ya vipande vifupi. Mwenye futi kamba na aje nayo, ya kamati imekatika.