Bado Mfinyanzi Hulia Gaeni

Tangazo la mikopo ya halmashauri mmelisikia juma hili, hatulirudii. Kwa ufupi, ni asilimia 10 ya mapato ya ndani: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu, na riba hakuna. Kituo hiki kinaiunga mkono mikopo hiyo. Wasiwasi wetu uko kwingine, kwenye jambo ambalo fomu za mkopo haziliulizi: mama wa leo akichoka, nani atafinyanga?

Tunawasemea akina mama wa Kikisi wa Ikombe, kando ya Ziwa Nyasa, wilayani Kyela. Pale milima ya Livingstone imeshuka hadi majini na ardhi ya kulima ni haba. Tangu zamani vyungu vilipangwa mtumbwini, vikaenda kwa Wanyakyusa, mtumbwi ukarudi na chakula. Chungu ndicho kilichokuwa shamba lao.

Mtazame mama akiwa kazini. Bonge la udongo liko juu ya kigae. Mkono mmoja unazungusha kigae, mwingine unaupandisha udongo mpaka ukuta wa chungu unasimama. Anausawazisha kwa gunzi la mahindi lililoloweshwa. Udongo ukikazana anausugua kwa kokoto mpaka ung'ae, anapaka rangi ya udongo mwekundu, kisha vyungu vinachomwa uwanjani. Mashine hakuna. Kitabu hakuna. Binti hujifunza kwa kukaa ubavuni mwa mama, akavunja, akaanza upya.

Jumamosi vyungu vinafika gulioni Lyulilo. Mchuuzi anataja bei yake, mama anaitikia, kwa sababu kurudi na vyungu mtumbwini ni hasara nyingine. Kikifika mjini, chungu kilekile kina bei nyingine kabisa, na jina la aliyekifinyanga halimo. Kimeandikwa "kazi ya asili". Asili ya nani? Chungu kina mwenyewe. Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni, na hadi leo hulia gaeni.

Sasa mkopo. Mkopo hulipwa, ndugu msikilizaji. Utalipwa kwa nini, ikiwa bei ni ya mchuuzi? Mama akikopa leo na kesho akauza kwa bei ileile, ameongeza deni, riziki iko palepale. Na binti anaona. Anaona mgongo wa mama ulivyopinda, anaona kilichorudi kutoka gulioni, anafunga mzigo wake anakwenda mjini. Halafu sisi tunakaa vikaoni tukisema vijana wameacha mila! Binti ameikimbia bei. Mpeni bei, atakaa ubavuni mwa mama yake.

Wenzetu wa Botswana yamewafika. Mwaka 2012 ufinyanzi wa wilaya ya Kgatleng uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Sababu zilizotajwa tunazijua sote: mafundi wanapungua, vyungu vinauzwa kwa bei ndogo, vyombo vya kiwandani vimejaa majumbani. Je, kuna hata moja kati ya hizo isiyokuwepo kwetu?

Bei, tunasema tena. Bei na jina. Chungu kina mwenyewe, na mwenyewe hulia gaeni.

Afisa maendeleo ya jamii, kabla hujagawa fomu, nenda gulioni Jumamosi, simama pale vyungu vinaposhushwa, uliza vimenunuliwa kwa kiasi gani. Halmashauri, pamoja na mkopo wapeni akina mama ghala la kuhifadhia vyungu, ili anayekosa bei nzuri leo asilazimike kukubali mbaya. Wenye hoteli na wenye maduka, andikeni jina la mfinyanzi na la kijiji chake. Mwalimu, mwalike bibi darasani na udongo wake, watoto wamwone akizungusha kigae. Na wewe unayetusikiliza ukiwa jikoni, unajua ladha ya maharage yaliyochemkia kwenye chungu. Kanunue chungu! Kanunue kwa mama mwenyewe, na usimpunje!

Udongo uwahi ungali maji. Ukishakauka hauna tena wa kuufinyanga. Mikono inayojua bado ipo, bado inazungusha kigae. Tuiwahi. Tuiwahi sasa, binti angali nyumbani!

Hayo ndiyo maoni ya kituo hiki.